Manukato ya ubani na manemane: mwongozo kamili wa kuyatengeneza nyumbani Nairobi

Nyanya yangu alikuwa na sanduku la mvule ambamo kanga na mabuibui yake yalilala yakiwa yamefukizwa. Alhamisi jioni, kule Mombasa, alitia makaa kwenye chetezo, akasubiri yavae jivu jeupe, ndipo akadondosha vipande vya ubani na kibanzi kidogo cha udi. Moshi ukapanda mzito, sisi wajukuu tukakohoa na kukimbilia barazani. Harufu niliyoipenda haikuwa hiyo. Niliyoipenda ilikuja kesho yake, alipofungua sanduku kutoa kanga ya kuendea shughuli: kitu cha joto, kitamu kwa mbali, kama mti uliokaa juani.

Sasa ninaishi Nairobi, kwenye fleti ambako huwezi kufukiza kila siku bila jirani wa juu kuja kubisha hodi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijaribu kuitia kanga ile ndani ya chupa. Ninayokupa hapa ni njia iliyonifikisha, pamoja na vipimo vyake.

Wengi wanaotengeneza manukato ya aina hii huufuata moshi. Wanajaza mafuta yenye harufu ya kuungua, kisha wanashangaa kwa nini wananuka kama jiko la makaa. Moshi ni njia tu ambayo ubani huingilia kwenye nguo. Unachotafuta ni kilichobaki kwenye nguo baada ya moshi kuondoka, na kila uamuzi hapa chini unatoka kwenye jambo hilo moja.

Kwa nini ubani wa kwenye chupa haufanani na wa kwenye makaa

Ukinunua mafuta ya ubani na kuyanusa, utashtuka. Yananukia ndimu, pilipili manga na msonobari, na hayana ile hali ya nyumba iliyofukizwa. Hujadanganywa. Mafuta hayo hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye utomvu, na mvuke hubeba vitu vyepesi tu, hasa pinini, ambayo ndiyo harufu ya msonobari pia. Sehemu nzito za utomvu hubaki kwenye pipa. Makaa hufanya kazi tofauti kabisa: huvunjavunja zile sehemu nzito na kuzaa harufu mpya ambazo hazikuwemo kwenye kipande kibichi.

Lipo pia jambo dogo lenye nguvu kubwa. Mwaka 2016 wanakemia wa Nice, Ufaransa, walitangaza kwamba ile harufu ya ubani inayokumbusha makanisa ya kale hutokana na asidi mbili zilizomo kwa kiasi kidogo mno, wakaziita asidi za olibani. Kwetu sisi wa jikoni funzo ni hili: mafuta peke yake hayatoshi. Unahitaji mafuta ya ubani, utomvu wenyewe ulioloweshwa, na vitu vingine vya kujazia yale ambayo makaa yangeyafanya.

Kabla ya kununua, fukiza

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Chukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato. Washa makaa mawili, fungua dirisha (makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa kimeua watu), kisha fukiza ubani kidogo chini ya kitambaa kwa dakika tano. Kikunje, kiweke kwenye bakuli lenye kifuniko.

Kinuse baada ya saa moja, kesho yake, na siku ya tatu. Kila mara andika maneno yako mwenyewe kwenye daftari. Mimi siku ya kwanza niliandika "jivu, ndimu, koo linakauka". Siku ya tatu niliandika "asali kavu, ngozi ya viatu vipya, mkate". Maneno ya siku ya tatu ndiyo ramani yako. Utayarudia kila unapojiuliza uongeze nini na upunguze nini.

Sokoni

Kwa utomvu, nenda Eastleigh. Maduka yanayouza unsi, ule uvumba wa Kisomali unaopikwa na sukari, na vyetezo vyeupe vya dabqaad huwa pia na magunia ya ubani, na wauzaji wake wanaijua bidhaa hii tangu utotoni. Jina moja la "ubani" linabeba vitu vitatu tofauti au zaidi. Beeyo ni machozi ya dhahabu hafifu yenye ndimu nyingi, ya mti wa *Boswellia sacra*. Maydi ni vipande vikubwa vinavyong'aa, vya *Boswellia frereana*, na ndivyo watu hupenda kutafuna. Halafu upo wa kwetu, ubani mweusi wa *Boswellia neglecta*, unaotoka Samburu, Isiolo, Marsabit na Wajir. Huko wafugaji huokota machozi yaliyotoka yenyewe kwenye gome, kwa hiyo mara nyingi huja na vipande vya gome ndani yake. Sura yake si ya kuvutia. Kwa kazi hii, mimi nauchagua huo kuliko wote, kwa sababu una udongo na utamu mzito ambao beeyo hana.

Manemane utaisikia ikiitwa malmal. Tafuta vipande vya rangi ya kahawia nyekundu, vyenye mafuta kidogo ukivivunja. Jirani yake ni hagar, utomvu wa *Commiphora holtziana* wa kaskazini mwa Kenya, ambao biashara ya nje huuita opoponaksi. Harufu yake ni laini kuliko manemane, yenye joto, kama mdalasini uliolala ndani ya maziwa.

Wapo wanaochanganya ubani na utomvu wa msonobari uliopondwa, ambao ni wa bei rahisi. Mara ya kwanza nilipouliza namna ya kutambua, mama mmoja aliyekaa nyuma ya magunia alinipa kipande akasema, "Tafuna kwanza, mwanangu." Ubani wa kweli huvunjika mdomoni kisha hujikusanya ukawa kama bazoka. Wa msonobari hubaki mchanga unaokwaruza na uchungu wa tapentaini. Nyumbani fanya jaribio la pili: loweka kijiko cha unga wake kwenye ethanoli (ile spiriti nitakayoieleza hapa chini) kwa siku mbili. Msonobari huyeyuka wote. Ubani huacha masimbi meupe chini ya chupa, kwa sababu sehemu yake ni gundi isiyoyeyuka kwenye kileo. Maydi pekee ndiyo inayoweza kukupoteza hapa, maana gundi yake ni kidogo sana.

Mafuta ya kunukia (ubani, manemane, opoponaksi, chungwa, iliki, karafuu, jeraniamu, vetiva) hupatikana kwa wauzaji wa malighafi za vipodozi katikati ya jiji. Nunua chupa za mililita 5 au 10 tu. Sharti uone jina la Kilatini la mmea kwenye lebo. Chupa iliyoandikwa "sandalwood" bila neno jingine, kwa bei ya sabuni, haina sandali.

Na kuhusu sandali, kuna jambo ambalo sitaki ulipite. Msandali wa Afrika Mashariki, *Osyris lanceolata*, ulipigwa marufuku kuvunwa Kenya mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Wachimbaji wa magendo huung'oa na mizizi yake, kwa hiyo mti hauchipui tena. Mtu akikunong'oneza kwamba anao wa Kajiado au Samburu, mwache nao. Chukua sandali ya Australia, au sandali ya kiwandani ambayo siku hizi ni nzuri kweli. Udi halisi nao unatoka kwenye miti ya *Aquilaria* inayolindwa na mkataba huohuo, na bei yake haiko kwenye mfuko wa anayejifunza. Hatutauhitaji.

Kwa harufu ya mbao tumia mafuta ya mwerezi wa Virginia. Kwa jina la sayansi ni *Juniperus virginiana*, ndugu wa mtarakwa wetu wa Aberdare, *Juniperus procera*. Miti yote miwili imechongwa penseli kwa miaka mingi, na ukiyanusa mafuta hayo utarudi darasa la kwanza.

Vilivyobaki ni labdanamu, benzoini na vanilini, yaani ile harufu yenyewe ya vanila. Labdanamu ni utomvu mweusi wa kichaka cha *Cistus* cha nchi za Mediterania. Zamani, huko Kreta na Saiprasi, watu waliuchana kutoka kwenye ndevu za mbuzi waliokuwa wakilisha vichakani humo. Benzoini ni utomvu wa miti ya *Styrax* ya Sumatra na Laos, na wauzaji Waarabu huiita jawi. Hivi viwili pamoja na vanila ndivyo watengenezaji wa Ulaya wanavyoviita "amber". Wengi wetu tukilisikia neno hilo tunafikiri ni ambari, ile ya nyangumi iliyokuwa ikiokotwa pwani. Hakuna ambari humo. Ni jina la mchanganyiko, na mchanganyiko huo ndio asali kavu niliyoiandika siku ya tatu.

Spiriti

Unahitaji ethanoli ya asilimia 95 au 96, iliyotayarishwa kwa vipodozi. Uliza kwenye maduka ya kemikali ya Industrial Area au ya jijini, na uombe karatasi ya maelezo ya usalama ya bidhaa hiyo. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha, ondoka.

Usitumie spiriti ya kuwashia jiko wala ya fundi wa mbao. Inaweza kuwa na methanoli, sumu ileile iliyopofusha na kuua watu kwenye pombe haramu nchini hapa, nayo hupenya hata kwenye ngozi. Spiriti ya kusafishia vidonda ina harufu zake zitakazogombana na ubani. Vodka ina maji zaidi ya nusu, na utomvu ukikutana na maji hugeuka tui.

Halafu moto. Ethanoli ya asilimia 96 hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye joto la nyuzi 17 hivi, na jikoni Nairobi huwa na joto kuliko hapo karibu mwaka mzima. Siku ya kufukiza usifungue spiriti. Siku ya spiriti usiwashe chetezo, gesi wala mshumaa. Mimi hufanya kazi kwenye meza ya sebuleni, dirisha wazi, jiko limezimwa kabisa.

Vyombo

Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, utaipata Luthuli Avenue. Chupa ndogo za kioo cheusi, bilauri mbili za kioo, mabomba ya matone ya kutumia mara moja, kinu kidogo na mchi wa chuma, karatasi za kuchujia kahawa, glavu, lebo. Na daftari lako. Usipime kwa matone: tone la labdanamu na tone la chungwa havilingani uzito hata kidogo, na kesho hutaweza kurudia ulichofanya leo.

Hatua ya kwanza: loweka ubani (wiki mbili kabla)

Tia gramu 20 za ubani kwenye friza usiku mmoja. Ukiwa baridi huvunjika kama kioo. Ukiwa na joto hugandamana kwenye mchi na utashinda ukiukwangua. Uponde upate chembe za ukubwa wa sukari, usiufanye unga laini. Mimina kwenye chupa yenye gramu 80 za ethanoli, funga, andika tarehe. Tikisa asubuhi na jioni kwa siku 14, chupa ikiwa kabatini mbali na jua.

Mwishoni utaona maji ya dhahabu juu na masimbi meupe chini. Chuja kwa karatasi ya kahawa bila kukamua. Masimbi hayo ni gundi. Yatandaze yakauke kabisa mbali na moto kwa siku kadhaa. Ukitaka kuyafukiza baadaye utapata moshi bila harufu ya maana.

Hatua ya pili: punguza makali

Baadhi ya vitu ni vizito au vikali mno kupimwa vikiwa vitupu. Tayarisha chupa tano ndogo. Labdanamu gramu 5 na ethanoli gramu 5. Benzoini vivyo hivyo. Vanilini gramu 1 na ethanoli gramu 9. Mafuta ya karafuu gramu 1 na ethanoli 9. Mafuta ya kade gramu 1 na ethanoli 9.

Kade ni mafuta meusi yanayotokana na kuunguza mbao za mreteni, na hapa ndipo moshi wetu mdogo unapotoka. Nunua yaliyosafishwa kwa matumizi ya ngozi. Labdanamu ikikataa kutoka kwenye chupa yake, isimamishe kwenye bakuli la maji ya vuguvugu kwa dakika kumi. Julai, asubuhi za Nairobi zikishuka karibu nyuzi 11, utafanya hivyo kila mara.

Hatua ya tatu: jenga kiini

Hivi ni vipimo vya gramu 10 za kiini. Weka bilauri juu ya mizani, rudisha sifuri baada ya kila kitu, na uviweke kwa mpangilio huu:

Labdanamu ya asilimia 50: 2.00
Benzoini ya asilimia 50: 2.00
Vanilini ya asilimia 10: 0.50
Mwerezi wa Virginia: 1.50
Sandali: 0.80
Vetiva: 0.20
Manemane (mafuta): 0.40
Opoponaksi (mafuta): 0.20
Ubani (mafuta): 1.20
Jeraniamu: 0.20
Karafuu ya asilimia 10: 0.20
Iliki: 0.10
Chungwa tamu: 0.60
Kade ya asilimia 10: 0.10

Ukishatia labdanamu, benzoini na vanilini, simama. Koroga, chovya ncha ya karatasi, unuse. Hapo bado hakuna ubani, lakini tayari kuna joto: sukari guru, ngozi, asali. Hiyo ndiyo sakafu. Ukiweka mwerezi na sandali, utamu unakaushwa na kupata mifupa. Vetiva ni mizizi, nayo huleta udongo uliolowa. Ikizidi gramu 0.20 itameza kila kitu, nimejaribu.

Manemane ina uchungu, na uchungu huo ndio unaoyatenga manukato haya na keki. Usiuogope. Wanaoanza huondoa manemane na kuongeza vanila, wakaishia na harufu ya peremende. Opoponaksi, kinyume chake, usiiongeze zaidi ya hapo kwa sababu huwasha ngozi za baadhi ya watu. Karafuu tunaitia kidogo kwa sababu hiyohiyo. Mdalasini nimeuacha nje kabisa. Mafuta yake ni makali kwa ngozi kuliko watu wanavyodhani.

Iliki na chungwa ndivyo vinavyotangulia puani na kuondoka mapema. Nilikuwa nikivipuuza nilipokuwa nikitengeneza kwa kukumbuka Mombasa. Kule joto na jasho huufungua utomvu upesi. Nairobi, asubuhi ya baridi, utomvu hulala kwenye ngozi hadi saa nne. Chungwa na iliki huushika mkono na kuutoa nje. Nimechagua chungwa tamu badala ya bergamoti kwa sababu bergamoti ya kawaida ikikutana na jua kwenye ngozi inaweza kuichoma na kuiacha na madoa, nasi tuko karibu kabisa na ikweta.

Kade huingia mwisho. Gramu 0.10 za mchanganyiko huo maana yake ni gramu 0.01 tu ya mafuta yenyewe. Itaonekana haina maana. Funga chupa, rudi baada ya siku mbili: utaikuta imekaa nyuma, kama mtu aliyepita chumbani na chetezo dakika kumi zilizopita. Ukiiongeza hadi uisikie mara moja, umeshaupoteza ule mchana wa kesho yake.

Funga kiini, kiache wiki moja kabatini.

Hatua ya nne: changanya na spiriti

Kwenye gramu 10 za kiini ongeza gramu 10 za ule ubani ulioloweshwa na gramu 30 za ethanoli tupu. Utapata gramu 50, karibu mililita 60, yaani chupa mbili za kupuliza za mililita 30. Usishawishike kutumia ubani ulioloweshwa peke yake: utomvu utaganda kwenye tundu la kupulizia na kukuachia ngozi inayonata kama imemwagikiwa soda.

Tikisa, andika tarehe, weka gizani. Wiki ya kwanza mchanganyiko utanukia spiriti na vipande vipande, kila kitu kikisema lake. Wiki ya pili utakuwa umenyamaza kiasi kwamba utafikiri umeharibika. Usiuguse. Wiki ya nne ndipo vinaposhikana, na mimi husubiri sita.

Hatua ya tano: baridi na kuchuja

Baada ya kuiva, iweke chupa iliyofungwa imara kwenye friji kwa siku mbili. Nta na chembe zitatuama. Chuja ikiwa bado baridi, moja kwa moja kwenye chupa za kupuliza zilizo kavu kabisa. Tone moja la maji ndani ya chupa hufanya ukungu ambao hautaondoka. Rangi itakuwa ya chai ya rangi. Ni sawa, usijaribu kuisafisha.

Hatua ya sita: ijaribu mahali pake

Kwanza ngozi. Paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri saa 24. Ukiona wekundu au muwasho, usitumie, wala usimpe mtu. Usimpake mtoto mchanga, na mjamzito au mwenye pumu aulize daktari kwanza.

Kisha kitambaa. Puliza kwenye kipande cha pamba, kikunje, kiweke kwenye bakuli lenye kifuniko kama ulivyofanya mwanzo, siku tatu. Linganisha na maneno ya kwenye daftari. Jaribio hili lina uzito kwangu kuliko la ngozi. Kikiwa kitamu mno, toleo lijalo punguza benzoini kwa 0.30 na uongeze mwerezi kiasi hicho. Kikiwa kikavu kama maranda ya penseli, fanya kinyume. Kikinuka dawa, ni vetiva au kade, punguza nusu. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, hata kama unavijua viwili vyenye kasoro, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya.

Mwisho, matatu. Vaa mipulizo miwili, panda gari asubuhi madirisha yakiwa yamefungwa. Jirani yako akigeuka kufungua dirisha, nguvu imezidi. Ongeza gramu 5 za ethanoli kwenye mchanganyiko wote. Akikuuliza umejipaka nini, umefika.

Kwa asiyetaka kileo

Wapo wasiotumia kileo kwa sababu ya dini, na ngozi kavu nazo hufurahia mafuta zaidi. Tia gramu 25 za ubani uliopondwa kwenye gramu 100 za mafuta ya jojoba, ndani ya bakuli lililosimamishwa kwenye sufuria ya maji yanayotokota polepole, kwa saa tatu. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo mafuta hayatapita joto hilo na ubani hautaungua. Chuja kwa kitambaa yakiwa bado ya moto.

Yakipoa, kwenye gramu 40 za mafuta hayo ongeza mwerezi, sandali, vetiva, manemane, opoponaksi, ubani, jeraniamu, iliki na chungwa kwa vipimo vilevile, na karafuu isiyopunguzwa gramu 0.02. Labdanamu na benzoini hazipendi kuyeyuka kwenye jojoba na zitatuama chini, kwa hiyo ziache. Matokeo ni membamba kuliko ya spiriti, yaliyo karibu na ngozi, kama haludi za wazee. Kwa mtu anayekwenda kuswali au kukaa karibu na mgonjwa, nayapendelea haya.

Ukitaka kuuza

Kutengeneza kwa ajili yako na ndugu zako ni jambo moja. Kabla ya kuuza hata chupa moja, nenda KEBS, shirika la viwango la Kenya, uulize masharti ya vipodozi na alama ya ubora, na ujifunze viwango vya IFRA, chama cha kimataifa cha watengenezaji wa manukato, vinavyoeleza kiasi cha juu cha kila kiungo kwenye ngozi. Kwenye lebo andika viungo vyote, tarehe, na onyo la moto.

Kuvaa na kutunza

Weka chupa kwenye droo, si kwenye rafu ya bafuni wala dirishani. Usipulize kwenye nguo nyeupe. Utomvu huacha doa la njano lisilotoka kwa sabuni. Mimi hupuliza mara moja nyuma ya shingo na mara moja upande wa ndani wa upindo wa kanga ya rangi iliyokolea, kisha naikunja usiku kucha. Ukifungua asubuhi, weka pua kwanza kwenye upindo, kabla ya chai, kabla pua haijachoka.